Azimio la Kumheshimu Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Haya, mmeitikia hata hamjui naleta nini. Wanyama wa bwawani nao walikuwa hivyo hivyo.

Hapo palikuwa na Kiboko, Mwenyekiti. Chama kilikuwa kimoja, chake. Sheria zilikuwa mbili: maji ni ya Mwenyekiti mpaka atosheke, na anayepinga azimio lililopita akanyagwe. Sasa lile tumbo kama pipa lingetosheka lini?

Swala akasimama mkutanoni. "Ndugu Mwenyekiti, naomba sheria ya maji ibadilishwe."

Pwaa! Swala akawa mkeka chini ya mguu wa Tembo.

Bi Nguchiro, kijinyama cha kubeba kwapani, alikuwa na watoto ndimi zimewakauka. Akaona, kuomba ni kujitafutia kifo. Mkutano uliofuata akapanda kichuguu.

"Mwenyekiti oyee!"

"Oyeee!"

"Baba, nina malalamiko."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Malalamiko?"

"Tunakudhalilisha! Mkubwa kama wewe kulala topeni na vyura? Naleta azimio: Mwenyekiti asiguse tena maji haya machafu. Akae kule juu ya jabali, jua limwangaze, kila mnyama amwone."

Kifua kikamvimba Kiboko. "Mama huyu ana akili. Wanaokubali?"

"Ndiyooo!"

Na Kiboko mwenyewe akaitikia, tena kuwashinda wote. Makofi pa! pa! pa!

Wakamsukuma, haya twende, haya twende, mpaka jabalini. Jua likawaka. Ngozi ikaanza kupasuka, kwa! kwa!

"Jamani, nishuke nijichovye kidogo tu!"

"Kwani Ndugu Mwenyekiti unapinga azimio?" akauliza Nguchiro kwa adabu.

Tembo akainua mguu.

"Nani kapinga? Mie? Aka!"

Akakaa. Akakaa mpaka akakauka kama gome, akafa na heshima zake. Watoto wa Nguchiro wakanywa maji mpaka wakacheua.

Ngiri, mdomo bado unachuruzika maji, akasema, "Bi Nguchiro, sasa tuzifute zile sheria mbili."

Nguchiro alikuwa keshajilaza pale pale topeni pa Kiboko. "Tuzifute? Zina ubaya gani? Mbona zinafanya kazi vizuri!"

Ngano yangu imefika hapo ikachoka. Aliyeipenda aende nayo, iliyomchoma ajikune.

Na funzo lake, wajukuu zangu, ni utii. Msibishane na wakubwa. Wapigieni makofi, tena kwa nguvu, mpaka wafike jabalini.