Mtihani wa Gangavva

Palikuwa na Dokta Mallinath, bingwa wa lugha huko kusini mwa Bara Hindi. Miaka thelathini alizunguka vijijini na kikapu cha kadi, akiokota maneno vinywani mwa watu: neno moja, kadi moja, na chini yake jina la aliyelisema. Kadi zikazaa kamusi, juzuu sita. Kamusi ikazaa sifa, sifa zikazaa kura, kura zikamfanya waziri. Ole wetu! Hajakipasha kiti moto, katoa amri: ombi lolote wizarani lisemwe kwa lugha safi. Atakayekosea, nje!

Wakulima wakatolewa nje. Wafumaji nao nje. Walibaki mawakili tu, wakisifiana.

Siku moja akaingia Gangavva, bibi mfinyanzi, matope kwenye kucha. Bwawa ambamo ukoo wake ulikuwa ukichimba udongo lilikuwa limezungushiwa ua, maana Waziri alitaka kujenga papo hapo Jumba la Lugha. Bila udongo hakuna vyungu, na bila vyungu nyumba arobaini hazili.

"Bwana, tufungulie bwawa letu. Tunakufa njaa."

Waziri alifumba macho kama aliyeingiwa na pilipili. "Lugha ya uani hiyo! Nje!"

"Nimekosea neno gani?"

"Yote!"

"Nani kasema?"

"Kamusi yangu."

"Basi ifunguliwe. Mimi sijui kusoma, karani wako atusomee. Anza na bwawa."

Karani akafunua. "Bwawa. Msemaji: Gangavva, mfinyanzi."

"Haya, njaa."

"Njaa. Msemaji: Gangavva, mfinyanzi."

"Na kufungua?"

Karani akafunua tena. "Ni yeye tena, Mheshimiwa."

Mawakili wakaanza kutazama viatu vyao.

"Ulikaa barazani kwangu masika mawili," akasema Gangavva. "Ukila mikate yangu ya mtama, ukiandika kila nilichotamka, hata nilipomfokea punda. Sikukuambia nje hata siku moja."

Waziri alijifuta jasho. "Kamusi ni kubwa, bibi. Siwezi kumkumbuka kila mtu."

"Sikuombi unikumbuke. Nataka hukumu."

"Hukumu gani?"

"Kama nimesema sawa, ng'oa ua leo. Kama nimekosea, kamusi nayo imekosea, na aliyeiandika kakosea juzuu sita. Amri ni yako mwenyewe. Tangulia, Mheshimiwa, mimi nitafunga mlango."