Unyoya Uliopanda Jiwe la Mbinguni

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walipika, waliposa na kugombana kama sisi. Bwana Pimbi, mdogo kama sungura, aliishi na mkewe na watoto wao katika pango juu ya kilima cha mawe. Wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu. Sirudii mimi!

Alfajiri moja, fyuuuu! Kitu kiliwaka angani, kikashuka kinatoa cheche. Puu! Kikatua karibu na pango. Kilikuwa jiwe jeusi, bapa kama sinia, linanuka moshi.

Kifaru akaja mbio, anahema.

"Kimondo! Mnaona? Ardhi inawapenda wazito. Imeliita jiwe zito huko mbinguni, nalo limekuja mbio. Basi kilima hiki ni cha wazito. Pimbi, hama!"

"Nihamie wapi na watoto hawa, bwana mkubwa?"

"Kaishi mawinguni, si mwepesi wewe?"

"Haya. Lakini jiwe limeunguzwa na nini njiani?"

"Na nini tena? Huko hakuna kitu! Hewa tu, na hewa si kitu."

Jibu lile halikumwingia Pimbi akilini. Kama hewa si kitu, mbona jiwe limeungua?

Sasa, kilima kile kilikuwa na desturi yake. Wakigombea nyumba, mdai na mwenyeji huangusha kila mmoja kitu chake kutoka ukingoni mwa jabali. Kitu cha mdai kikitangulia kufika chini, nyumba ni yake. Kisipotangulia, mwenyeji habanduki. Na mdai ndiye anayechagua vitu.

"Mimi naangusha kimondo," akasema Kifaru. "Pimbi ataangusha unyoya wa Mama Mbuni."

Mama Mbuni ndiye aliyekuwa hakimu. Akajing'oa unyoya mmoja mkiani, "Aiii!", akampa Pimbi. "Kesho asubuhi," akasema, huku anajipapasa.

Maskini Pimbi! Alipofika kwake akaujaribu unyoya. Ukapepea, ukayumba, ukaenda kukaa kwenye paa la jirani. Akaujaribu tena, ukamrudia usoni.

Mkewe alikuwa anapepeta mtama, makapi yanapeperuka puruu, mtama unarudi kwenye ungo.

"Mume wangu, kesho watoto watalala wapi?" Machozi yakamtoka, ungo ukamponyoka. Paa!

Pimbi akatazama. Ungo ulikuwa chini, na makapi yaliyobaki yametulia mle mle ndani.

"Mke wangu, umeona?"

"Nimeona chakula changu kinamwagika!"

"Makapi hayakupeperuka! Yameshuka na ungo!"

"Wewe, umeshachanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa, ndiyo," akasema Pimbi. "Angusha tena."

Asubuhi wanyama wakajaa kilimani. Kifaru akalishika jiwe kwa mikono miwili, limelala sawasawa.

Pimbi akaja amejikunyata. "Shikamoo, bwana mkubwa. Unyoya wangu unaogopa urefu huu. Niruhusu niuketishe juu ya jiwe lako, vianze safari pamoja."

"Hahahaa! Weka! Jiwe langu litachomoka hapo chini, unyoya wako ubaki juu unashangaa!"

"Mama hakimu, umesikia? Amekubali mwenyewe."

"Nimesikia. Haya, achia!"

Kifaru akaachia. Vuuu! Wote wakainama kuchungulia.

Puu!

Unyoya ulikuwa juu ya jiwe, umelala vilevile ulivyowekwa.

"Vimefika pamoja!" akasema Mama Mbuni, shingo imempinda. "Sielewi, lakini vimefika pamoja. Mdai hakutangulia. Pimbi habanduki!"

Mke wa Pimbi akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Watoto nao wakapiga kelele bila kujua sababu.

"Haiwezekani!" Kifaru akashuka, akauokota unyoya, akapanda nao, akauangusha peke yake. Ukapepea, ukayumba, ukamtua puani. Chyaa! Akapiga chafya. "Mbona sasa ni mwepesi? Jana mwepesi, asubuhi mzito, sasa mwepesi! Pimbi, umeuroga?"

"Sijauroga, bwana. Ardhi inawaita wote, wazito na wepesi. Hewa ndiyo inayomzuia mwepesi njiani. Jiwe lako limetangulia kuipasua, unyoya wangu ukafuata nyuma bila kuguswa."

"Hewa? Lakini hewa si kitu!"

"Muulize kimondo. Ni nani aliyekisugua mpaka kikawaka?"

Kifaru akatazama juu, hakuona kitu. Akatazama chini, hakuona anayeita.

"Yaani," akasema polepole, "aliyekushindia ni mimi?"

"Ni wewe, bwana. Ahsante sana."

Tangu siku hiyo Kifaru anatembea kichwa chini, anamtafuta huyo anayeita. Hajamwona bado. Nami hadithi yangu imefika chini, mwenye kuiokota aiokote: usichokiona usikidharau, na mnyonge unayembeba kwa dharau ndiye utakayefika naye sawa.