Asiyefika Amekubali

Mpo, wasikilizaji?
— Tupo, tua neno!
Nilitue likiwa baridi au likiwa moto?
— Litue lilivyo!

Basi nalitua, na ndani yake mna jambo ambalo nimelifikiri miaka mingi halijanifungukia. Mji mzima unalia njaa moja. Dawa yake ni kutoka nje asubuhi moja na kudondosha kokoto moja mtungini. Mbona hawatoki? Si wajinga kuliko mimi. Sijui.

Huko Marekani palikuwa na mji mdogo wa wanyama, ukiitwa Mialoni. Wa Mlimani waliegemea lao: kila mtu ale alichookota. Wa Mtoni waliegemea lao: vyote viwekwe ghala moja. Walibishana weee, hata povu likawatoka. Na walipokuwa wakibishana, Dubu, meya wao, alikula cha mlimani, akala na cha mtoni. Nyam, nyam, nyam!

Kila mwaka siku ya kura liliulizwa swali moja barazani, na mwenye kutangulia kufika ndiye aliyeuliza. Dubu alitangulia daima. Swali lake: "Dubu aendelee?" Na juu ya mlango alikuwa amechonga kwa kucha: ASIYEFIKA AMEKUBALI. Kila aliyebaki nyumbani, kokoto yake ilitiwa mtungi wa ndiyo.

Kindi alikuwa na watoto wanne. Kipupwe kilichopita njaa ilichukua watatu. Alimtazama Kipunje, yule aliyebaki, akaziona mbavu zake, akajua kipupwe kingine hakivuki.

Akaenda mlango kwa mlango. Ngo, ngo, ngo!

"Bwana Sungura, kura utakuja?"

"Nikapange foleni na wa Mtoni, wanaonuka samaki? Wenzangu watakwenda."

Ngo, ngo, ngo!

"Mama Bata, utakuja?"

"Kokoto yangu moja itamng'oa Dubu, mwenzangu? Wenzangu watakwenda."

Ngo, ngo, ngo!

"Mzee Nungunungu?"

"Watakwenda wenzangu, binti. Rudishia mlango, baridi inaingia."

Kindi akakaa chini njiani. Kisha akainuka, akaenda kwa Dubu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mkia mtupu. Umeniletea mbegu?"

"Nimekuletea wazo. Mwaka jana walifika ishirini."

"Wananiudhi hao ishirini!"

"Kosa ni la jua, Mheshimiwa. Kukiwa na kijua, mtu hujikuta ametoka. Isogeze kura mpaka theluji ya kwanza."

"Theluji ndiyo nini?" Maana dubu, wanangu, hulala kipupwe chote. Huyu alikuwa hajaiona hata siku moja.

"Ni baridi nyeupe, inayofunga milango ya watu."

"Ho, ho, ho! Nzuri hiyo!" Akapiga muhuri wa kiganja: pwaa!

Majani yakaanguka, pukupuku. Dubu akala, akanenepa, macho yakawa mazito, akaingia pangoni. Khorrr, khorrr! Ndipo theluji ikaanguka, kimya.

Asubuhi ile Kindi alitangulia kufika. Akaja Kunguru, karani, ambaye hana kura. Akaja Biva, fundi wa mabwawa, mwenye meno ya kukatia magogo na mkia bapa kama mwiko. Hakuja mwingine.

"Swali?" akauliza Kunguru.

"Mlango wa pango la Dubu uzibwe," akasema Kindi. "Usizibuliwe."

Mkia wa Biva ukatulia. "Dada, tumvue umeya tu. Akiamka atakuta meya mwingine."

"Akiamka na njaa yake, fundi, nani atamwambia kuwa yeye si meya? Wewe?"

Mimi simlaumu Kindi, sikuzika watatu. Wala Biva simlaumu.

Kindi akatia kokoto mtungi wa ndiyo: ti! Biva akatia mtungi wa hapana: ti! Kunguru akafungua daftari.

"Sungura: hakufika, amekubali. Bata: hakufika, amekubali. Nungunungu: hakufika, amekubali." Akasoma hivyo mpaka sauti ikamkauka. Akafika jina la mwisho, akatazama mlangoni, nje kulikuwa kweupe tupu.

"Dubu," akasema. "Hakufika. Amekubali."

Funzo lake ni jepesi: siku ya kura kukiwa na baridi, jifunikeni vizuri, msije mkapata mafua. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia nimemsamehe. Yaliyobaki ni kumbukumbu za baraza tu. Iliamuliwa pango lizibwe kwa magogo na tope. Aliyeliziba ni Biva, yule mmoja aliyekataa, kwa kuwa mji haukuwa na fundi mwingine. Na alikuwa fundi hodari: hakuacha hata tundu la kupitisha pumzi.