Koo Jekundu la Kilizi

Ndege aitwaye kilizi si kurumbiza, ingawa wageni huwachanganya. Kurumbiza huimba popote na huiga wimbo wa ndege yeyote. Kilizi ana wimbo mmoja tu. Zamani hakuwa na koo jekundu, wala hakujificha.

Enzi hizo kila njia ya msituni ilikuwa na kilizi wake. Yule wa njia ya Kwemhasha alikaa juu mitini, watu wakimwona. Njia ikiwa salama, aliimba. Chui akiwa karibu, alinyamaza, na watu walirudi nyumbani na mizigo yao. Ilikuwa mwiko kumtega.

Shekiondo, mtegaji, alimtega. Alipaka ulimbo tawini, akamnasa, akamtundika uani ndani ya tundu ili amwimbie yeye peke yake.

Mkewe, Namweta, alimtazama ndege yule. "Baba Mkunde, huyo ni wa njia."

"Njia haijawahi kumlisha. Mimi nitamlisha."

"Haya, mlishe. Tuone kama ataimba kwa mtama wako."

Hakuimba. Asubuhi moja binti yao, Mkunde, alijitwisha kapu la ndizi akashika njia ya Kwemhasha kwenda sokoni. Shekiondo alibaki uani akisuka mtego. Punde wimbo wa kilizi ulisikika kutoka msituni. Alitabasamu, kisha akainua macho. Kilizi alikuwa tunduni mbele yake, kimya.

Kurumbiza alikuwa ameuiga wimbo ule, na Mkunde, akidhani njia imepata kilizi mwingine, hakuona sababu ya kusimama.

Shekiondo alikimbia. Alikuta ndizi zimetapakaa njiani, na mbele kidogo mtoto wake, hana uhai. Chui alikuwa ameshaondoka. Alimbeba mpaka nyumbani, akamlaza, kisha kwa mikono ileile akafungua tundu na kumkaba ndege koo.

"Ukimuua," Namweta alisema, "hata ukweli hautakuwa na wa kuusema."

Vidole vikalegea. Kilizi akaruka, akaingia vichakani chini kabisa, damu ya Mkunde ikiwa kooni mwake. Mvua za mwaka ule hazikuiosha.

Na tangu siku hiyo kilizi hukaa chini gizani, na ni nadra kuonekana. Anayepita Kwemhasha akisikia wimbo wake husimama, hata kama amechelewa, mpaka alione koo jekundu. Wengi hawalioni. Hugeuka na mizigo yao, wakarudi walikotoka.