Neno "Na" Linalala Tenga Gani?

Shauri Namba Moja la Mwaka wa Kiangazi Kirefu, Kuhusu Maneno Tisa Yaliyochorwa Jiweni, Hususan Neno la Nane.

Hilo ndilo jina lake rasmi, wasikilizaji wangu, na msinicheke, sikulitunga mimi. Niitikieni tuingie ndani.

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nini?

— Useme wewe!

— Pakawa bwawa, na bwawani jiwe, na jiweni maneno, na maneno yakakosa mkato.

— Ole wao!

Ole wao kweli. Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Ikakataa mwezi wa kwanza, ikakataa mwezi wa pili, wa tatu haikujibu hata salamu. Mito ikakauka kau. Likabaki bwawa moja, na ndani yake Kiboko, Mwenyekiti wa Kamati ya Bwawa. Alichaguliwa kwa kura moja, yake. Wajumbe wa kamati walikuwa watatu: mdomo wake, tumbo lake na makalio yake, na kikao hakikukosa akidi hata siku moja.

Juu ya bwawa palikuwa na mwamba, na mwambani aliishi Pimbi, mjane, mdogo kama sungura aliyesahauliwa masikio. Alikuwa na watoto wanne. Alfajiri walilamba umande kwenye mawe, na umande nao ukaisha. Kitinda mimba akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia kwa kiu, mama ndiye huanza.

Pimbi akashuka, tiki tiki tiki.

"Hodi bwawani!"

"Huuu! Nani?"

"Jirani yako, Mzee. Nimekuja kunywa, mimi na wanangu, kama jiwe linavyosema."

Jiwe lilikuwa pale pale ukingoni. Mababu walilichora, na kwa kuwa walichoka mapema, hawakuchora alama yoyote ya kituo: BWAWA HILI NI LA WATOTO WA KIBOKO NA PIMBI.

"Jiwe linakutaja wapi?" akauliza Kiboko.

"Mwishoni, Mzee. Bwawa ni la watoto wa Kiboko. Tena ni la Pimbi. 'Na Pimbi.'"

Kiboko akacheka, bwawa likapanda likashuka. "Soma vizuri, we kijukuu cha panya! 'Kiboko na Pimbi' ni fungu moja, halitenganishwi. Bwawa ni la mtoto ambaye baba yake ni Kiboko na mama yake ni Pimbi. Unaye?"

"Sina."

"Basi nenda kwa amani. Kwa kiu, lakini kwa amani."

"Na hao wako wanaokunywa, Mzee?"

"Wangu wana Kiboko. Nusu inatosha."

Pimbi akapanda, tiki tiki tiki. Katikati ya mwamba akaketi, miguu haikutaka kumpeleka kwa watoto na mikono mitupu. Akaanza kuyachambua yale maneno kichwani kama mtu achambuaye mchele, hili huku, lile kule. Akachambua. Akachambua. Mara akaona kitu, akauma mdomo asicheke.

Akashuka tena.

"Mzee, umesema kweli, mimi ni mjinga. Ila tafsiri ya Mwenyekiti isipoandikwa na karani si tafsiri, ni maongezi."

Kiboko alipenda sana kuandikwa. Akaitwa Korongo, karani wa kamati, ambaye tangu aajiriwe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akisubiri kazi. Wanyama wengine nao wakaja, ndimi nje. Ng'ambo, kwenye matete, Mama Tope, mke wa Kiboko, alikuwa akiwaogesha wanawe na hana habari.

"Bibi yangu alinifunza," akasema Pimbi, "maneno ni kama kuku. Walio ndani ya tenga moja, ukiwauliza, wanaitika pamoja. Ukiwapa jina moja, wanalipokea. Ukilihamisha tenga, wanahama wote. Tuwajaribu mara tatu."

"Jaribu hata kumi!"

"Ila kwa sauti, Mzee. Karani ni mzito wa masikio."

Korongo hakuwa mzito wa masikio hata kidogo. Lakini hakuna aliyemuuliza, na karani hajibu asichoulizwa.

"Jaribio la kwanza. Bwawa hili ni la watoto wa nani?"

"Wa Kiboko na Pimbi!"

Matete yakatikisika: chaka!

"Imeandikwa," akasema Korongo.

"Jaribio la pili. Kama ni fungu moja, neno moja litalibeba. Sema 'wao', Mzee."

"Bwawa hili ni la watoto wao!"

Chaka chaka!

"Imeandikwa."

"Jaribio la tatu. Litoe fungu nyuma, ulilete mbele, tuone kama linahama zima. Kwa sauti, Mzee, karani ameinamisha kichwa."

Kiboko akavuta pumzi, akajaza kifua, akanguruma hadi mwamba ukaitikia:

"KIBOKO NA PIMBI, WATOTO WAO NDIO WENYE BWAWA HILI!"

Chaka chaka chaka, CHUBWIII! Maji yakapasuka, Mama Tope akatokeza, jani la tete likiwa limemning'inia sikioni.

"Baba Tope!"

Kiboko, badala ya kusema "Naam", akaitika "Abee!" Wanyama wakatazamana.

"Kila usiku unaniaga unakwenda kula majani. Kumbe majani yenyewe yako mwambani, na yana watoto!"

"Mama Tope, sikiliza, hii ni sarufi tu!"

"Na huyo Sarufi ni nani? Naye umezaa naye wangapi?"

Pimbi akainamisha uso kwa haya, jambo ambalo halikumsaidia Kiboko.

"Karani, futa!"

"Kilichoandikwa hakifutwi, Mwenyekiti," akasema Korongo. "Hurekebishwa kwa tamko la mhusika. Kwa sauti."

Kiboko akamtazama Korongo, akayatazama maji, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameanza kufungua kinywa, na kinywa chenyewe hakikuwa na mwisho.

"Vunja tenga!" akapiga kelele. "'Watoto wa Kiboko' peke yao! 'Na Pimbi' peke yake! Mimi na huyu hatuna fungu, hatujawahi kuwa na fungu, hatutakuwa na fungu!"

"Kwa hiyo bwawa ni la nani, Mzee?" akauliza Pimbi kwa upole.

"La watoto wa Kiboko."

"Na?"

Kiboko akamtupia mkewe jicho. Meno ya Mama Tope yakaonekana yote, mpaka yale ya nyuma.

"Na... Pimbi."

"Pimbi yupi? Karani atataka kujua."

"Pimbi wote! Ukoo mzima! Kunyweni, mnikome!"

"Imeandikwa," akasema Korongo, akabadilisha mguu.

Mama Tope akamgeukia Pimbi, akamwangalia juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu. "Mwenzangu, kweli huna mtoto wake?"

"Dada, nitazame mimi, mtazame yeye."

Mama Tope akatazama. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Ngano yangu nimeitua, mwenye bega aibebe, aliyeisikia vibaya aseme aliisikia kwa mwingine. Na funzo lake ni hili: watoto, msijifunze sarufi, haina faida yoyote maishani. Waachieni wenye vifua vipana wawasomee mawe, kwa kuwa mwenye sauti kubwa hakosei. Na mke mwema haingilii mashauri ya mumewe.

Ama kilichotokea hasa: Pimbi alishuka na watoto wake wanne kabla jua halijazama, wakanywa maji.