Yule wa Kichuguu cha Juu

"Yule ni wa nani?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyelijibu. Lishikeni, tutalirudia. Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni pakawa ya walioshiba. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na nguchiro. Mnawajua: wembamba, pua chini, mkia nyuma, mbio tu-tu-tu-tu. Hao hao wauaji wa nyoka. Ukoo mmoja ulikaa upande huu wa korongo, ukoo mwingine ng'ambo.

Na nguchiro wana mila. Mama wote huzaa pamoja, shimo moja. Watoto huchanganyika. Kila mama hunyonyesha aliye karibu. Hakuna ajuaye wake ni yupi, basi wote ni wake. Husema, "Mtoto ni wa shimo."

Mkuu wa upande huu aliitwa Jumbe Kongole. Mvua zikakataa. Mende wakaadimika, na waliopatikana waliishia tumboni mwa Jumbe. Ukoo ukanung'unika. Jumbe akasikia, akapanda juu ya kichuguu.

"Wanangu! Mna njaa kwa sababu wa ng'ambo wameiba mende wetu!"

"Jumbe," akasema mama mmoja, jina lake Somoe, "mende wana mabawa. Wameibwaje?"

Kwi! kwi! kwi! Ukoo ukacheka.

Kesho yake Jumbe akapanda tena. "Nani kataja mende? Mimi nasema nyoka! Wa ng'ambo wanafuga swila shimoni mwao. Wanamlisha mayai. Akikua, watamleta kwetu!"

Hapo hakucheka mtu. Nguchiro akisikia nyoka, manyoya husimama yenyewe.

"Nani kamwona?" akauliza Somoe.

"Ukingoja kumwona, umeshaumwa! Au una shemeji ng'ambo, Somoe?"

Wenzake wakamsogea mbali kidogo.

"Vijana waende," akasema Jumbe, na machozi akayatoa. "Mtoto ni wa shimo. Hawa ni wangu pia. Natoa wangu kama mnavyotoa wenu."

Mama wakalia. Mama wakakubali.

Kwenye mstari alikuwamo Pelu, mwenye sikio lililochanika. Somoe ndiye aliyemfundisha kupasua yai kwa kulirusha kinyumenyume kwenye jiwe.

"Mama, nitakuletea kichwa cha nyoka!"

"Niletee chako, mwanangu."

Somoe akainua macho. Nyuma ya Jumbe kulikuwa na kichuguu cha juu, alikojitenga mke wa Jumbe wakati wa kuzaa. Pale ameketi kijana mnono, anatafuna mende. Karu, karu.

"Jumbe! Yule ni wa nani?"

Wazee wakatazama kucha zao. Vijana wakatoka mbio, tu-tu-tu-tu.

Wakavuka korongo. Wakaingia shimo la ng'ambo. Giza. Kila kilichotikisika kilikuwa swila. Wakang'ata. Wakang'ata. Kumbe ni vichanga, macho hayajafunguka. Mama zao wakarudi kutoka kutafuta chakula, wakakuta, nao wakang'ata.

Jioni wakarudi wachache. Pelu hakurudi.

"Mama," mmoja akamwambia Somoe, damu mdomoni, "hakukuwa na nyoka."

Jumbe alikuwa ameshapanda. "Hongereni! Mmewakomboa watoto wa ng'ambo kutoka kwa mkuu wao katili!"

"Watoto gani?" akauliza yule kijana. "Na swila je?"

"Amekimbilia korongo la pili. Tukiacha sasa, Pelu kafa bure. Mnataka Pelu awe kafa bure?"

"Hatutaki!" ukoo ukalia, macho yamevimba. Wakaanza kupanga mstari.

Karu, karu, huko juu.

"Yule ni wa nani?" Somoe akauliza tena, sauti imekauka. Aliuliza peke yake. Sauti moja haikusikika katika mbio zile. Tu-tu-tu-tu.

Funzo ni hili: mwenye kutaka vita hakosi sababu, ya kwanza ikichekwa huleta ya pili, ya pili ikifa hukalia maiti zenu akazifanya ya tatu. Na asemaye watoto wote ni wake, wake kamficha.

Hadithi yangu imeishia hapo, mdomoni mwa shimo tupu.

Nanyi mlioitikia pakawa kwa nguvu, nawaomba: siku Somoe akiuliza, msimwache aulize peke yake. Ulizeni naye.