Fisi Alivyobeba Kapu Hadi Lumwe

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mlima.
Mlima wa wapi?
Wa mbali, ukiuona leo unaufikia keshokutwa.
Basi tutangulie, tunakufuata!

Hapo kale, na wala si kale sana, palikuwa na Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu, akikaa kwenye mwamba kando ya mji. Watu wa mji ule walitaka kokoto za kujengea. Basi kila siku walikuja na nyundo, ko, ko, ko, wakauvunja mwamba. Leo umekwenda ufa huu, kesho umekwenda ule. Mwisho ukabaki ufa mmoja tu, na ndani yake Bi Pimbi na wanawe, wamebanana kama ndizi kwenye kichane.

Bi Pimbi hakulia. Alianza kuulizauliza habari za Hifadhi ya Lumwe, mahali ambapo nyundo hairuhusiwi wala mtego haupiti. Alimwuliza Mbayuwayu, maana yeye hupita huko kila mwaka.

"Ni siku tatu," alisema Mbayuwayu. "Ya kwanza msitu. Ya pili nyasi na baridi. Ya tatu mawe na ukungu. Ukifika ukingoni usishuke. Ngoja jua lipande bega la mlima, ukungu utaondoka wenyewe."

"Kuna nini huko?"

"Dada, mimi nimeona dunia, lakini pale huwa nasahau kupiga mbawa."

Bi Pimbi akapiga hesabu ya miguu. Miguu yake ingefika. Ya watoto je? Aliwajaribu siku moja. Walipofika kichuguu cha tatu, wa kwanza amekaa chini, wa pili analia, na Kidete, kitinda mimba, amelala usingizi. Alirudi nao nyumbani mmoja mmoja, amewang'ata ukosi. Akajua: kwa miguu yao hawafiki, na wakibaki, wiki ijayo nyundo itawakuta kitandani.

Ikasikika kwamba Nyani na jamaa zake, wote kumi na wawili, nao wanakwenda Lumwe. Wakafanya kikao cha kupanga safari. Fisi hakualikwa, lakini alikuja. Panapotajwa chakula cha njiani, Fisi huja.

Bi Pimbi akatazama mabega ya Fisi. Mabega yale yanaweza kupandisha paja la nyati kilima kizima. Akatazama na meno yake. Akatazama tena mabega.

"Jamani, tuwekeane sharti," akasema. "Mzigo ukifunguliwa njiani, ni wa wote. Ukifika juu ukiwa umefungwa, ni wa aliyeubeba."

"Sawa!" wakasema nyani, hao, hao!

"Sawa," akasema Fisi, na mate yakamdondoka.

Asubuhi ya safari Bi Pimbi alitoka na kapu la ukindu. Ndani mlikuwa na majani, na ndani ya majani watoto watatu, wameambiwa: atakayelia atakuwa kitoweo. Chini ya kapu aliacha tundu la hewa. Juu, kamba mara tatu.

"We mama, kapu hilo lina nini?" aliuliza Fisi.

"Halina kitu, mzee. Majani ya kutandikia tu."

"Majani, ukayafunga kamba mara tatu?"

"Usijisumbue nalo, mzee wangu. Nitalikokota hivyo hivyo."

"Nimesema lete!"

Bi Pimbi akang'ang'ania kidogo, kwa adabu, kisha akaachia.

Siku ya kwanza, msitu. Fisi akaenda, kwata-tii, kwata-tii, kapu mgongoni, kwiri, kwiri. Miti ilikuwa mirefu hata nyani wenyewe walinyamaza. Fisi akanusa.

"We mama, kapu linanukia pimbi."

"Si nimelifunga mimi? Na mimi ni nani?"

"Linanukia pimbi mnono."

"Ahsante, mzee."

"Hebu nichungulie kidogo."

Bi Pimbi akapaza sauti: "Wajomba, njooni! Mzee Fisi anafungua!"

Hao, hao, hao! Nyani kumi na wawili, mikono ishirini na minne.

"Nani kasema nafungua?" Fisi akafoka. "Nakaza kamba!" Akaikaza kwa meno, fundo juu ya fundo.

Siku ya pili, nyasi na baridi. Kwata-tii, kwata-tii, kwiri, kwiri. Upepo ukavuma vuu, na ndani ya kapu: chwi!

"Kapu limepiga chafya!"

"Ni mimi, mzee."

"Sauti imetoka mgongoni kwangu!"

"Nami niko mgongoni kwako, nakutoa kupe." Ni kweli alikuwa huko, akipenyeza majani mabichi tunduni, akihesabu pua kwa kidole: moja, mbili, tatu.

"Hebu nichungulie kidogo."

"Wajomba, njooni! Mzee Fisi anafungua!"

Hao, hao, hao!

"Nakaza kamba!" Akaikaza.

Siku ya tatu, mawe na ukungu. Kwata... tii. Kwata... tii. Fisi akaketi.

"Nimechoka. Bora kipande hapa kuliko kapu zima kule. Waite nyani wako, nafungua."

Hili Bi Pimbi hakulipanga. Hakujua kwamba hata uroho huchoka. Moyo ukampiga du, du, du, lakini uso haukubadilika. Mwenye watoto watatu huzoea hayo.

"Sawa, mzee," akasema. "Ila nilikwambia toka mwanzo kwamba halina kitu. Nipe nilibebe mwenyewe, na huko juu liwe langu."

Akashika kamba.

"Ala! Toa mkono!" Fisi akasimama. Kwata-tii, kwata-tii, mpaka juu.

Nyani hawakungoja. Waliteremka ndani ya ukungu, hao, hao, kutafuta matunda. Ukingoni wakabaki Fisi, Bi Pimbi na kapu.

"Sasa ni langu," akasema Fisi.

"Ni lako, mzee. Sharti ni sharti."

Fisi akaanza kufungua mafundo, ambayo aliyakaza mwenyewe. La kwanza likagoma. La pili likamtoa jino. Bi Pimbi alikuwa akitazama bega la mlima. La tatu likalegea, na jua likapanda, na kifuniko kikafunguka, na ukungu ukafunguka pia.

Fisi akainua macho. Mdomo ukabaki wazi, bila kung'ata.

Chini kabisa palikuwa na bonde ambalo jicho lilichoka kabla halijafika mwisho wake. Nyumbu walikuwa wengi hata ardhi ilionekana inatembea. Tembo walikuwa wadogo kama choroko. Katikati ziwa, na pembeni mwa ziwa ndege heroe, waridi tupu, kana kwamba alfajiri imetua pale ikakataa kuondoka. Na kuta zote za bonde zilikuwa mawe, mawe juu ya mawe, nyufa kwa maelfu, na kimya.

Bi Pimbi alikuwa amepanga wakati huo. Alipanga kwamba Fisi akiduwaa, yeye atawatoa watoto. Hakupanga kuduwaa yeye. Alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu azae, hakukumbuka kama ana watoto.

"Kwii!" akalia Kidete. "Mama, kuna meno!"

"Ufani!" akapiga kelele Bi Pimbi. "Upesi!"

Pya, pya, pya! Watatu wakaruka, na mama nyuma yao. Meno ya Fisi yakafunga, kacha! juu ya majani.

Fisi akatema. Akachungulia ufa.

"We mama. Nilibeba nini?"

"Wanangu, mzee. Mungu akulipe. Mgongo wako hautikisi."

"Siku tatu!"

"Usingeketi njiani zingekuwa mbili na nusu."

Fisi akavuta pumzi ya kutukana. Tusi halikuja. Akageuka akatazama bonde tena, akaketi.

"Lakini ni pazuri," akasema taratibu.

"Pazuri, mzee," akajibu Bi Pimbi kutoka ufani, na sauti yake nayo ilikuwa ndogo.

Wakatazama, yeye ndani na yule nje, mpaka heroe wote wakaruka kwa pamoja.

Ngano yangu imefika juu, mimi nateremka. Anayeitaka ndefu zaidi na apande mwenyewe.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mroho hubeba mzigo wa mwenzake akidhani ni wake.